Pete 11, pete 1, pete sifuri: tuhesabu vizuri basi

Juzi jioni nilikuwa kwa kinyozi huku Majengo, hapa Goma, nangoja zamu yangu, umeme ulikuwa umerudi tangu saa kumi kwa hiyo watu walikuwa wengi, wengine hawanyoi, wamekuja kuchaji simu tu. Kijana mmoja, labda ana miaka 16, viatu vya basketi vimefunguka mdomo juu ya lile tereni letu la changarawe ya volkano, akatupa maneno: "Kuminga amepita Mutombo. Kuminga ana pete moja, Mutombo ana zero. Iko hesabu tu." Kuminga na Mutombo ni Wakongomani wawili waliofika NBA, ligi kubwa ya basketi ya Amerika, na pete ni ile wanapewa machampio wa ligi.

Mashini ikasimama katikati ya kichwa cha mtu. Kinyozi, baba wa miaka 50 na kitu, yule ambaye 2001 alikuwa anaamka saa nane na nusu ya usiku kufuata finali kwa televisheni ya jirani, akamwangalia kama mtu aliyemtukania mama. "We mudogo, unajua Mutombo ni nani?" Kijana hakuogopa: "Ninamujua, yaya. Lakini pete iko wapi?" Mzee mwenye nusu kichwa akasema malizeni kwanza kichwa changu halafu mupigane, na kelele ikaanza, kila mtu na hesabu yake, mmoja Jordan 6, mwingine anasema kuna mtu wa zamani mwenye 11, mwingine anasema iko bongo, uongo tupu, hakuna mtu anaweza kuwa na pete kuliko vidole.

Si bongo. Mtu huyo yuko, tutafika kwake. Lakini hii mambo ya kuhesabu pete imefungana kama nyuzi za nyavu ya Kivu, ukivuta moja zinakuja zote, basi acha nijaribu kuzifungua pole pole.

Tuanze na hapa kwetu. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwezi wa kumi 2002, mwaka ule ule lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji mwezi wa kwanza. Mwaka 2021 Golden State Warriors wakamchukua namba 7 kwenye drafti, pale ekipe zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, na mwezi wa sita 2022 akawa champio wa NBA, ana miaka 19, hajamaliza ata sezoni mbili. Mtu mmoja tu alibeba taji hilo akiwa mdogo kumpita, Darko Miličić, na Detroit 2004. Hii haina mjadala, mtoto wa Goma ana pete, tuimbe. Ila kwenye ile finali na Boston aliingia dakika za kuhesabu kwa mkono, kazi nzito ilikuwa ya Stephen Curry na wenzake.

Sasa Dikembe Mutombo, wa Kinshasa, Mungu amuweke pema, alituacha mwezi wa tisa 2024. Sezoni 18. Kontri 3,289, yaani mara 3,289 mtu alirusha balo akidhani inaingia na ule mkono mrefu ukasema apana. Kwa orodha yote ya NBA anafuata nyuma ya Hakeem Olajuwon peke yake. Mara 4 beki bora wa mwaka. Na finali alicheza, tena mbili: 2001 na Philadelphia, 2003 na New Jersey. Zote akapoteza.

Alipoteza mbele ya nani? Hapa njo utamu uko. 2001 alikutana na Lakers ya Los Angeles, ya mastaa Shaq na Kobe. Finali si mechi moja, wa kwanza kufika ushindi 4 anabeba. Mechi ya tatu, pale pale Philadelphia, Shaq ametolewa juu ya makosa 6, Mutombo na wenzake wanarudi, watu wamesimama, na mtu mmoja wa Lakers anaitwa Robert Horry akapiga ile ya pointi 3 karibu na mwisho, ikaisha hivyo. 2003 alikutana na San Antonio ya Tim Duncan, na kwenye benchi ya San Antonio kulikuwa mzungu mmoja mwembamba, Steve Kerr, anamalizia kazi yake ya uchezaji na pete ya 5. Miaka 19 baadaye ule Kerr njo kochi wa Warriors aliyemuingiza Kuminga. Yaani mtu yule yule alikuwa upande uliomnyima Mutombo pete, halafu akawa upande uliompa Kuminga yake. Niliposema hii kwa kinyozi kulikuwa kimya karibu dakika nzima.

Horry na Kerr muwashike vizuri kichwani, tutawarudia.

Basi nani ana pete nyingi kuliko wote? Kwa NBA jibu ni fupi: Bill Russell, 11, kwa sezoni 13, zote na Boston Celtics. 1957, halafu 1959 mpaka 1966 bila kukosa ata mwaka mmoja, mara 8 mfululizo, halafu 1968 na 1969. Nyuma yake Sam Jones, 10. Halafu wanne wenye 8: Tom Heinsohn, K.C. Jones, Satch Sanders na John Havlicek. Umeona kitu? Wote ni Boston, wote ni nyumba moja, wote waliishi kwa kivuli cha Russell, ingawa Havlicek aliongeza mbili za 1974 na 1976 wakati Russell amesha kwenda. Ukitoa hao watu wa Boston ya zamani, mwenye nyingi kuliko wote ni nani? Si Jordan, si Kareem Abdul-Jabbar, hao wana 6. Ni yule Robert Horry, ana 7: mbili na Houston, tatu na Lakers, mbili na San Antonio. Na wastani wake wa maisha yote ni pointi 7 kwa mechi. Pete 7, pointi 7. Hakuwahi kuitwa ata mara moja kwenye mechi ya mastaa.

Kama hesabu ya pete "iko hesabu tu", basi Horry amepita Jordan, na hapo ata yule kijana mwenyewe alikunja uso.

Turudi kwa Russell juu watu wengi wanamfukuza haraka: "zamani ekipe zilikuwa 8 tu, ni kama championa ya kartie". Ni kweli zilikuwa 8 alipofika, leo ziko 30. Na njia ilikuwa fupi. 1957 Boston walimaliza wa kwanza upande wao kwa hiyo waliruka raundi ya kwanza, wakacheza raundi mbili tu, ushindi 3 na ushindi 4, jumla 7, unabeba kombe. Leo ni raundi 4, kila moja ushindi 4, unahitaji 16.

Chukua karatasi. Tuseme ekipe yako iko na nguvu, kila raundi una nafasi 3 juu ya 4 ya kupita. Raundi mbili: 9 juu ya 16, zaidi ya nusu. Raundi nne: 81 juu ya 256, haifiki ata theluthi. Ekipe ni ile ile, wachezaji ni wale wale, hakuna mtu ameumia, kitu kimebadilika ni urefu wa barabara tu. Hii peke yake inaeleza sehemu kubwa ya kwa nini hatutaona tena mtu wa pete 11.

Lakini ekipe 8 si maana yake rahisi, na hapa watu wanajidanganya. Ukikusanya wachezaji bora wa nchi nzima uwaweke kwenye ekipe 8, kila jioni unakutana na simba. Russell alikuwa anakutana na Wilt Chamberlain mara kwa mara, mwaka kwa mwaka, yule Wilt wa pointi 100 kwa mechi moja, na Wilt kwa maisha yake yote akaishia na pete 2. Na Boston hawakuwa wanapita kwa mbali. 1957 mechi ya saba ya finali ilienda prolongasio mbili, yaani muda wa nyongeza mara mbili, 125 kwa 123. 1962 mechi ya saba na Lakers, sekunde za mwisho Frank Selvy wa Lakers anarusha balo ya kuua, inagonga chuma, inatoka, wanaenda prolongasio, Boston wanashinda 110 kwa 107. Russell usiku ule alikuwa na pointi 30 na rebondi 40, yaani mara 40 alikamata balo iliyokosa kuingia. Arobaini! Ile balo ya Selvy ingeingia tungekuwa tunasema 10. Kwa maisha yake yote Russell alicheza mechi 10 za saba, zile za kufa ao kupona, akashinda zote 10, na hapo siwezi kukuambia ni bahati, bahati inachoka.

Kwa nini Boston walishinda vile? Red Auerbach, kochi wao, alielewa mapema kwamba mtu anayezuia anaweza kuwa na thamani kuliko anayefunga. Russell hakuwa anapiga kontri balo iende kwa watazamaji ili watu wapige makofi, alikuwa anaigusa kidogo ibaki uwanjani, mwenzake anaikamata, Bob Cousy tayari anakimbia, pointi mbili. Sisi hapa kila mtu anataka kontri ya kurusha balo mpaka barabarani kwa wamotari, halafu wapinzani wanapewa balo tena. Jambo la pili, Russell mwenyewe ilibaki kidogo asifike Boston: St. Louis njo walimchagua namba 2 mwaka 1956, Boston wakatoa wachezaji wawili, Ed Macauley na Cliff Hagan, wakamchukua. Ata usiwacheke St. Louis sana, hao wawili njo walibeba nao kombe la 1958, wakaifunga Boston hiyo hiyo, Russell kifundo cha mguu kimeumia. Na jambo la tatu, wakati ekipe zingine zilikuwa zinahesabu weusi wangapi wanaruhusiwa kuanza mechi, Boston mwishoni mwa 1964 walikuwa wa kwanza kuanzisha watano weusi, na 1966 wakampa Russell ukochi, mtu mweusi wa kwanza kuwa kochi mkuu NBA. Ekipe inayochagua bila kufumba jicho moja inashinda ile inayofumba.

Kuna kitu kingine hakionekani kwenye televisheni: mkataba. Zamani zile mchezaji alikuwa hawezi kusema kontra imeisha naenda Los Angeles. Ekipe ilibaki na haki juu yake mpaka wao wenyewe wamuachie. Kwa hiyo Boston wakisha kukusanya watu wao, wanabaki nao mpaka mvi. Ilibidi Oscar Robertson na wachezaji wenzake waende tribinali 1970, kesi ikamalizika 1976, na uhuru wa kweli wa kuhama baada ya kontra ukafika 1988. Halafu tangu sezoni ya 1984-85 kuna kikomo cha mishahara, na miaka hii ya mwisho wamekaza zaidi, ukiwa na mastaa watatu wa bei kali sheria zinakufunga mikono. Matokeo yake angalia: 2019 Toronto, 2020 Lakers, 2021 Milwaukee, 2022 Golden State, 2023 Denver, 2024 Boston, 2025 Oklahoma City. Miaka 7, champio 7 tofauti. Kwa hali hiyo LeBron na Curry wenye 4 kila mmoja wamefanya kitu kikubwa, ata kama 4 inaonekana ndogo pembeni ya 11.

Sasa fundo lingine, na hili njo linaleta ugomvi mwingi: pete ya nini? Chukua George Mikan, yule mrefu wa miwani. Ukifungua orodha moja utaona ana 5, nyingine 7. Hakuna aliyedanganya. Zamani kulikuwa ligi mbili, NBL na BAA, 1949 zikaungana zikawa NBA, na NBA ikaamua historia ya BAA ni yake, ya NBL si yake. Mikan alishinda mara 2 NBL kabla ya kuhama. Hizo mbili zikabaki nje ya mlango kama mtoto wa mke mdogo kwenye urithi. Julius Erving vile vile, NBA ana 1, lakini alishinda 2 kwenye ABA, ligi iliyokuja baadaye na kumezwa 1976.

Na ukochi je? Steve Kerr kama mchezaji ana 5, tatu na Chicago ya Jordan halafu 1999 na 2003 San Antonio, kama kochi ana 4, kwa hiyo ukisikia mtu anasema 9 hajakosea, ila amechanganya maharage na mchele. Phil Jackson ana 11 kama kochi, na 2 kama mchezaji wa New York, na kati ya hizo mbili ile ya 1970 hakucheza ata dakika moja sezoni nzima, alikuwa amepasuliwa mgongo. Pete anayo. Russell naye zile mbili za mwisho alikuwa mchezaji na kochi kwa wakati mmoja, lakini hatuzihesabu mara mbili, ni mechi moja, jasho moja.

Maana pete yenyewe, ile ya dhahabu na almasi, ni zawadi ya ekipe. Wanaipanga wenyewe, wanaitoa mwanzo wa sezoni inayofuata, na wafanyakazi wengine wanapata pia, watu ambao hawajawahi kuvaa kaptula ya mchezo. Patrick McCaw alishinda 2017 na 2018 na Golden State, akahamia Toronto, akashinda 2019, pete 3 kwa sezoni zake 3 za kwanza, wakati mastaa kama Charles Barkley, Karl Malone, John Stockton na Allen Iverson walienda nyumbani vidole vitupu. McCaw mwenyewe nadhani hawezi kukaa meza moja na Barkley amwambie mimi nimekupita.

Na tukitoka NBA orodha inageuka kabisa. Ulaya kuna Dino Meneghin, Mwitaliano, makombe 7 ya Ulaya, 5 na Varese na 2 na Milano, juu yake mataji 12 ya Italia, alicheza mpaka miaka 44 na 1990 akakutana uwanjani na mtoto wake mwenyewe upande wa wapinzani. Ukihesabu makombe ya klabu bila kuuliza ya wapi, Russell anakaa nyuma yake. Kwa wanawake, WNBA ilianza 1997, na Rebekkah Brunson ana 5, moja na Sacramento na nne na Minnesota. Diana Taurasi ana 3 tu za WNBA, lakini miaka mingi wakati wa baridi alikuwa anaenda kucheza Urusi na Uturuki kwenye pesa nzuri zaidi, huko akabeba 6 za Ulaya, na medali 6 za dhahabu za Olimpiki. Sasa huyo utamwandikia 3?

Mimi ukiniuliza, ninahesabu hivi: kwanza ninauliza ligi gani, halafu kama mchezaji ao kochi, halafu alikuwa anafanya nini uwanjani wakati kombe linabebwa, na namba njo inakuja mwisho. Kwa Russell majibu yote yanaelekea upande mmoja. Kwa Jordan pia, 6 na mara zote 6 yeye njo mchezaji bora wa finali. Kwa Horry inakuwa kitu kingine, fundi anayeitwa dakika ya mwisho kukaza msumari, na mafundi wa vile wanalipwa kwa haki. Kwa Kuminga ni mlango uliofunguka mapema. Kwa Mutombo ni mtu aliyefika mlangoni mara mbili akakuta Shaq mara ya kwanza na Duncan mara ya pili, na mimi sijui ni nani angepita pale.

Nilirudi kwa kinyozi Jumamosi, nikayasema haya yote, na ile hesabu ya 81 juu ya 256 nikaandika nyuma ya boksi la wembe. Kijana alisikiliza, viatu vyake amevifunga na waya ya chukudu. "Sawa yaya," akasema, "Mutombo nimemuachia. Lakini Biyombo je?"

Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, aliyekamata rebondi 26 usiku mmoja wa 2016 akiwa Toronto, wakaifunga Cleveland ya LeBron kwenye finali ya upande wa mashariki, halafu Cleveland hao hao wakapita wakabeba kombe. Mwaka 2024 alikuwa Oklahoma City. Akaondoka. Mwaka uliofuata Oklahoma City wakawa champio.

Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashini, akatikisa kichwa. "Huyo ni wa watu wa Lubumbashi," akasema. "Waachie walie wenyewe. Nani anafuata?"